Jules Verne na puto lililoanzia Unguja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Jules Verne likitajwa kwa Kiswahili, maswali yanayofuata ni karibu yaleyale. Mengine majibu yake ni ya mstari mmoja. Lile la Zanzibar ni refu, kwa sababu riwaya iliyomtoa mwandishi huyu inaanzia hapo, na watu wengi wa pwani hawana habari.

Jules Verne ni nani hasa?

Jules Gabriel Verne alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 huko Nantes, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, akafariki Amiens tarehe 24 Machi 1905 kwa ugonjwa wa kisukari. Baba yake, Pierre, alikuwa mwanasheria na alitaka mwanawe arithi ofisi. Kijana alikwenda Paris, akasoma sheria mpaka akaimaliza, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye jukwaa. Juni 1850 mchezo wake mfupi, Les Pailles rompues, ulionyeshwa kwenye ukumbi wa Alexandre Dumas, na mwaka 1852 akawa katibu wa ukumbi wa Théâtre Lyrique. Tarehe 10 Januari 1857 alimwoa Honorine, mjane mwenye mabinti wawili. Kwa kuwa sasa ana familia ya kulisha, akaingia kazi ya udalali katika soko la hisa la Paris, huku akiandika alfajiri kabla ya kwenda kazini. Mwanawe wa pekee, Michel, alizaliwa mwaka 1861.

Tangu 1863 hadi 1905 alichapisha riwaya 54 katika mfululizo ulioitwa Voyages extraordinaires, yaani Safari za Ajabu.

Je, alifika Zanzibar?

Hapana. Hakufika Zanzibar wala Bagamoyo wala mahali popote pa Afrika kusini mwa Sahara. Afrika aliyoiona kwa macho ni Tangier, Algiers na Tunis, katika safari zake za Mediterania za 1878 na 1884. Wakati huo riwaya yake ya Zanzibar ilikuwa imeshatoka miaka 15 na zaidi.

Riwaya yenyewe ni Cinq semaines en ballon, maana yake Majuma Matano katika Puto. Ilitoka Paris tarehe 31 Januari 1863. Wasafiri ni watatu: Dakta Samuel Fergusson, Mwingereza, rafiki yake Dick Kennedy, mwindaji wa Kiskoti, na Joe, mtumishi. Wanafika Zanzibar kwa meli iitwayo Resolute tarehe 15 Aprili 1862 na kupokewa na konseli wa Uingereza. Mjini uvumi unaenea kwamba kuna Mkristo anataka kupaa kwenda kulidhuru jua na mwezi, watu wanachafuka, na mzigo mzima unahamishiwa kisiwa kidogo ambacho Verne anakiita Koumbeni. Hapo ndipo puto, jina lake Victoria, linajazwa gesi na kuachiwa tarehe 18 Aprili, saa tatu asubuhi.

Mtu wa Unguja akisoma kurasa hizo atagundua upesi kwamba mwandishi anaona mji kupitia karatasi za watu wengine. Anasema kisiwa ni mali ya imamu wa Muscat. Hilo lilikuwa sawa enzi za Sayyid Said, lakini Said alifariki mwaka 1856, Sayyid Majid akashika Zanzibar, na uamuzi wa Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, wa Aprili 1861 ukazitenga rasmi Zanzibar na Muscat. Verne aliandika mwaka 1862 kwa vitabu vya miaka michache nyuma, na kosa hilo linaonyesha umri wa vitabu hivyo.

Puto lilipita wapi?

Njia ya kwanza ni ile ya misafara, ikionwa kutoka juu: Mrima, Uzaramo, milima ya Rubeho, Ugogo, halafu Kazeh, makazi ya wafanyabiashara Waarabu ambayo leo ni sehemu ya Tabora. Hapo Fergusson anapiga hesabu: wao wametumia siku mbili, wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitumia miezi minne na nusu kwa mwendo uleule. Kutoka Kazeh wanashika kaskazini hadi ziwa Ukerewe (Victoria), wanaufuata mto Nile, kisha wanageukia magharibi: ziwa Chad, Timbuktu, na mwisho maporomoko ya Gouina katika mto Senegal.

Sura ya Kazeh ndiyo ya kusomwa polepole. Puto linashuka juu ya soko, watu wanadhani mwezi umeteremka, na wasafiri wanachukuliwa kuwa wana wa Mwezi. Wanaitwa kwenye tembe la sultani, ambaye yu taabani kwa ulevi, wakamtibu. Mambo ni mazuri mpaka mwezi wenyewe unapochomoza. Miezi miwili angani! Umati unageuka, wasafiri wanakimbilia kamba, na mganga mmoja anayeng'ang'ania nanga anapaa pamoja nao. Mzaha wote umejengwa juu ya jina Unyamwezi, ambalo Burton alilieleza kuwa ni nchi ya Mwezi. Msomaji wa Kifaransa lazima afafanuliwe. Wa Kiswahili anaucheka mara moja.

Liko jambo jingine la kutazama tarehe. Katika riwaya, wasafiri wanaiona Nile ikitoka ziwani Aprili 1862, na wanahakikisha ni Nile kweli kwa kukuta herufi A.D. zimechongwa mwambani mtoni, alama ya Andrea Debono, mfanyabiashara wa Malta aliyefika huko akitokea kaskazini. Katika dunia halisi, Speke alisimama mahali Nile inapotoka ziwani tarehe 28 Julai 1862, na kitabu kilikuwa madukani kabla habari hiyo haijafika Ulaya. Kwa maana hiyo Verne alibahatisha, lakini kwa hesabu nzuri: Speke alikuwa ameshalidai ziwa hilo kuwa chanzo cha Nile tangu alipoliona Agosti 1858.

Puto lile lingeweza kuruka kweli?

Kupaa, ndiyo. Kukaa angani majuma matano, hapana.

Hesabu ya kupaa ni safi. Hewa inayosukumwa na puto ina uzito wa pauni 4,000. Haidrojeni ya ujazo uleule, futi za ujazo 44,847, ina pauni 276 tu. Tofauti, pauni 3,724, ndiyo nguvu ya kuinua watu, kikapu, maji, chakula na silaha. Gesi inatengenezwa palepale kisiwani kwa njia iliyotumika kweli wakati huo: vyuma chakavu, maji na asidi ya salfa kwenye mapipa. Puto ni mawili, moja ndani ya jingine, ya hariri ya Lyon iliyopakwa gutapercha, utomvu wa mti unaofanana na mpira.

Tatizo liko kwenye kifaa cha kupanda na kushuka. Puto la kawaida la gesi hupanda kwa kumwaga mchanga na hushuka kwa kuachia gesi, kwa hiyo kila mara linapoteza kitu kisichorudi. Fergusson anataka asipoteze chochote. Ana sanduku lenye galoni 25 za maji na matone ya asidi. Betri ya Bunsen inayatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi hizo zinawaka kwenye kichomeo, na moto unapasha bomba la mzunguko linaloingia ndani ya puto. Gesi ikipata joto inapanuka, puto linapanda. Moto ukipunguzwa, linashuka. Inapendeza, ila:

Nishati ya kutenganisha maji haiwezi kuwa ndogo kuliko ile utakayoipata ukiyachoma yale matokeo. Kwa hiyo joto lote linatoka kwenye betri, maji ni mpita njia tu, na betri ndogo ya Bunsen haina hazina ya namna hiyo. Pili, huo ni moto wa wazi chini ya haidrojeni. Mvujo mdogo ungemaliza safari mwaka 1862 na riwaya kwenye sura ya 12. Tatu, haidrojeni hupenya kitambaa. Hata kilichopakwa vizuri kinapungukiwa siku hadi siku.

Na upepo? Baharia yeyote wa Unguja angemwambia. Aprili kaskazi imekwisha, kusi inaanza, na masika iko kileleni. Puto la chini chini lingepelekwa kaskazini, upande wa Mombasa na Lamu, likilowa njia nzima. Fergusson anapata upepo safi wa kwenda magharibi kwa sababu mwandishi anauhitaji.

Aliwaonyeshaje Waafrika?

Vibaya, na hakuna haja ya kupaka rangi. Katika riwaya hiyohiyo kundi la nyani linaushambulia mti ambako puto limefungwa, Kennedy anadhani ni wenyeji, na mzaha unaofuata ni kwamba kwa mbali tofauti si kubwa. Watu wa bara wanatajwa kama walaji wa watu au washirikina, na anayezungumza kwa akili ni Mzungu daima. Verne alichukua dharau hiyo kwenye vitabu alivyosoma, Burton akiwa wa mbele, kisha akaiongezea kicheko.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba aliuchukia utumwa na aliandika hivyo. Un capitaine de quinze ans (1878), hadithi ya nahodha wa miaka 15, inawaingiza Wamarekani weusi walio huru kwenye mikono ya wafanyabiashara ya watumwa huko Angola, na kurasa za msafara wa minyororo si za mzaha. Ikumbukwe pia alikozaliwa. Nantes ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za Ufaransa katika biashara ya watumwa, na majumba ya Île Feydeau, mtaa wake wa kuzaliwa, yalijengwa kwa fedha za wafanyabiashara hao.

Mwalimu anayetaka kuisomesha riwaya ya puto darasani asiikatekate. Aisome pamoja na ramani ya njia ya misafara, na sura ya Kazeh aiweke mbele ya wanafunzi waulize nani anamwona nani.

Kama hakusafiri huko, alipata wapi habari zote hizi?

Maktaba, magazeti na vikaratasi. Kwa nusu ya mashariki ya safari ya puto alitegemea taarifa za Burton na Speke. Kwa nusu ya magharibi, msafiri wa Kijerumani Heinrich Barth. Baadaye, akiwa Amiens, siku yake ilikuwa na ratiba: anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaandika hadi kama saa tano, na mchana anakwenda chumba cha kusomea cha Société industrielle ya mji huo kupitia magazeti na majarida ya sayansi. Kila kinachofaa anakiandika kwenye kikaratasi. Mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba anavyo kama 20,000.

Mswada aliuandika kwanza kwa penseli kisha kwa wino juu yake. Kazi kubwa ilikuja kwenye prufu, yaani nakala za majaribio za mchapaji: alizifuta na kuziandika upya mara nyingi mno, na kila mzunguko ulikuwa gharama kwa mchapishaji.

Si kweli kwamba hakusafiri kabisa. Alikwenda Uskoti mwaka 1859, Skandinavia 1861, na 1867 alivuka Atlantiki na ndugu yake Paul kwenye meli kubwa Great Eastern, akaiona Niagara. Alimiliki boti tatu, zote zikiitwa Saint-Michel; ya tatu ilikuwa ya mvuke.

Hetzel ni nani, na kwa nini jina lake liko kila mahali?

Pierre-Jules Hetzel ndiye mchapishaji wake, na bila yeye Verne tunayemjua asingekuwapo. Mkataba wa riwaya ya puto ulikuwa faranga 500 kwa nakala 2,000 za kwanza. Tangu Machi 1864 Hetzel aliendesha jarida la familia, Magasin d'éducation et de récréation, na riwaya nyingi za Verne zilitoka humo kwa vipande, kisha kitabu cha bei nafuu kisicho na picha, mwisho toleo kubwa la picha lenye jalada la rangi na dhahabu, la kununuliwa zawadi ya mwaka mpya. Kazi moja iliuzwa mara tatu.

Hetzel alikata pia. Katika riwaya ya kapteni Hatteras, shujaa alipaswa kujitupa kwenye volkano ya Ncha ya Kaskazini; Hetzel akakataa, Hatteras akaachwa hai akiwa mwendawazimu. Mswada unaoiwaza Paris ya mwaka 1960, hadithi ya mji wenye mashine nyingi na usiohitaji washairi, aliukataa kabisa. Ukabaki ndani ya sefu ya familia hadi ulipogunduliwa mwaka 1989 na kuchapwa 1994 kwa jina Paris au XXe siècle.

Lieue elfu ishirini chini ya bahari: ni kina?

Hilo ni jina la riwaya yake ya nyambizi. Si kina, ni umbali. Hili ndilo kosa linaloongoza. Lieue moja ya Verne ni kilomita 4, kwa hiyo 20,000 ni kilomita 80,000, karibu mara mbili ya mzunguko wa dunia. Huo ndio mwendo ambao Profesa Aronnax anasafirishwa ndani ya nyambizi Nautilus, chombo cha mita 70 kwa urefu na mita 8 kwa upana. Kina cha kilomita 80,000 kingetokeza upande wa pili wa dunia na kuendelea.

Wasomaji wa Oman watafute mwanzo wa sura ya Bahari ya Shamu: Nautilus inapita karibu na Muscat, na Aronnax anaisifu kwa majengo yake meupe yanayong'aa juu ya miamba myeusi. Hapo pia hakufika, lakini picha ni sahihi.

Kapteni Nemo ni mtu wa taifa gani, na vitabu vyake visomwe kwa mpango upi?

Verne alitaka awe Mpolandi aliyeuawa familia yake na Warusi. Hetzel, ambaye vitabu vyake viliuzwa Urusi, hakukubali. Ndiyo maana ndani ya Vingt mille lieues sous les mers (1869–1870) Nemo hana taifa. Jibu lilikuja katika L'Île mystérieuse, yaani Kisiwa cha Siri (1874–1875): ni Prince Dakkar, Mhindi wa Bundelkhand, aliyepigana na Waingereza katika maasi ya 1857.

Mpango: anza na Les Enfants du capitaine Grant, fuata ya nyambizi, malizia na Kisiwa cha Siri. Ukifika mwisho usijisumbue na tarehe, hazikubaliani. Aronnax yumo ndani ya Nautilus tangu Novemba 1867 hadi Juni 1868, lakini katika kitabu cha mwisho Nemo anafariki 1868 akiwa mzee, akisema mambo ya Aronnax yalitokea miaka 16 nyuma. Matoleo ya Hetzel yenyewe yaliweka tanbihi kukiri tofauti hiyo.

Phileas Fogg alizunguka dunia kwa puto?

Hapana. Fogg ni shujaa wa riwaya ya Verne anayeweka dau kwamba ataizunguka dunia kwa siku 80; puto liliingizwa na filamu ya Marekani ya 1956. Katika kitabu kuna treni, meli, tembo na hata kigari cha tanga juu ya theluji, puto hakuna.

Ratiba ya dau la pauni 20,000 ni hii: London hadi Suez siku 7, Suez–Bombay 13, Bombay–Calcutta 3, Calcutta–Hong Kong 13, Hong Kong–Yokohama 6, Yokohama–San Francisco 22, San Francisco–New York 7, New York–London 9. Jumla 80. Anaondoka tarehe 2 Oktoba 1872, saa tatu kasorobo usiku, na anatakiwa kurudi tarehe 21 Desemba saa ileile. Gazeti la Le Temps lilichapisha hadithi hiyo Novemba na Desemba 1872, kwa hiyo wasomaji walimfuata msafiri karibu tarehe kwa tarehe.

Ile siku moja aliyoipata ilitoka wapi?

Mwishoni Fogg anadhani amechelewa, kumbe kalenda yake imetangulia siku moja. Ukisafiri kuelekea mashariki unalifuata jua linakochomoza. Kila nyuzi moja ya longitudo inakupunguzia dakika 4. Nyuzi 360 mara dakika 4 ni dakika 1,440, yaani saa 24. Fogg aliona jua likichomoza mara 80, wenzake wa London mara 79.

Fizikia ni sawa, hadithi ndiyo ina tobo. Tangu avuke Pasifiki, kalenda yake ilikuwa siku moja mbele ya kila gazeti la Marekani. Anafika New York akiamini ni tarehe 11 Desemba usiku na kuambiwa meli iitwayo China imeondoka dakika 45 zilizopita. Lakini New York ilikuwa tarehe 10. Kama meli ilipangwa kuondoka tarehe 11, angeikuta gatini, tena na siku nzima ya kungoja.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Nellie Bly, alilijaribu dau hilo kweli: aliondoka tarehe 14 Novemba 1889, akapitia Amiens kumsalimu Verne, akamaliza kwa siku 72.

Alitabiri safari ya mwezini?

Alikisia vizuri mahali na kasi. Katika riwaya zake za mwezini watu wanafyatuliwa na mzinga mkubwa. Mzinga huo uko Florida, risasi ni ya alumini, watu ni watatu, na wanarudi kwa kuangukia Pasifiki. Kasi yake, yadi 12,000 kwa sekunde, ni kama kilomita 11, karibu kabisa na kasi inayohitajika kuiacha dunia. Lakini ndani ya mzinga wa futi 900 kasi hiyo lazima ipatikane kwa sehemu ndogo ya sekunde, na abiria wangebanwa na nguvu ya zaidi ya mara 20,000 ya uzito wao. Matandiko ya maji aliyowawekea yasingesaidia kitu. Roketi inafaulu kwa kuwa inaongeza kasi kwa dakika kadhaa.

Ni kweli alitoroka nyumbani utotoni ili apande meli?

Hadithi inasema alikuwa na miaka 11, alitaka kumletea binamu yake mkufu wa marijani, baba akamkamata bandari ya jirani, naye akaapa kusafiri kwa ndoto tu. Imetoka kwenye wasifu ulioandikwa na jamaa yake mwaka 1928, na watafiti hawaiamini. Iweke fungu la ngano.

Na ya kupigwa risasi?

Hiyo ni kweli. Tarehe 9 Machi 1886 mpwa wake Gaston, aliyekuwa na ugonjwa wa akili, alimfyatulia bastola mlangoni pake. Risasi iliingia mguu wa kushoto na akachechemea maisha yake yote. Siku nane baadaye Hetzel akafa. Safari za baharini zilikoma, na vitabu vya baada ya hapo vina giza zaidi. Mwaka 1888 alichaguliwa diwani wa Amiens, akashughulikia ukumbi wa michezo, mitaa na jengo la sarakasi lililofunguliwa 1889.

Riwaya zilizotoka baada ya kifo chake ni zake?

Kwa sehemu. Michel, mwanawe, alizikamilisha, akabadili majina, akaongeza sura na wahusika bila kumwambia msomaji. Hilo lilifichuka miaka ya 1970, mtafiti wa Italia Piero Gondolo della Riva alipoona nakala za miswada ya asili. Sasa zipo chapa mbili za riwaya hizo. Ukinunua, angalia utangulizi useme umefuata mswada wa baba au maandishi ya mwana.

Nisome tafsiri ipi?

Anayesoma Kifaransa, kama wengi wa Kongo, Burundi na Rwanda, ana bahati: maandishi ya asili hayana tena hakimiliki na yapo bure kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Ufaransa, na Wikisource. Anayesoma Kiingereza awe mwangalifu, kwa sababu nakala za bure mtandaoni mara nyingi ni tafsiri za miaka ya 1870. Ile ya Lewis Mercier ya kitabu cha nyambizi iliacha karibu robo ya maandishi na kuharibu istilahi: vazi la mpiga mbizi likawa koti la kizibo, na Badlands za Nebraska zikawa eneo lisilopendeza. Namna ya kuitambua haraka ni kusoma mwanzo wa sura ya pili na kutafuta maneno hayo ya Nebraska. Tafsiri ya F. P. Walter, ambayo nayo ni ya bure kwenye Project Gutenberg, ni kamili. Kwa riwaya ya safari ya kwenda katikati ya dunia, tazama majina: Profesa akiitwa Hardwigg na kijana Harry badala ya Lidenbrock na Axel, umeshika tafsiri ya 1871 iliyoandikwa upya. Irudishe rafuni.

Nataka kumtafsiri kwa Kiswahili. Wapi watu hukwama?

Kwanza vipimo. Lieue si ligi. Ukiandika ligi elfu ishirini chini ya bahari msomaji atawaza Simba na Yanga. Ama acha lieue na ueleze mara moja, ama geuza yote kuwa kilomita, lakini usichanganye. Brasse, kipimo cha kina, ni mita 1.62, Kiswahili kina pima, inayokaribia hapo, na manahodha wanaitumia.

Pili, orodha za samaki na mimea. Usiruke. Baadhi ni za Bahari ya Hindi na zina majina ya pwani kama nguru, chewa, papa na taa. Kaa na mvuvi na kitabu cha picha, kwa sababu jina la Kifaransa la samaki mmoja linaweza kuwa la jamii nzima.

Tatu, kwenye riwaya ya puto, maneno ya Kiswahili yaliyomo tayari yarudishe nyumbani. Verne aliyapata kwa masikio ya Waingereza na kuyaandika kwa mkono wa Kifaransa. Wanganga wake ni waganga, tembé ni tembe. Ukiéréoué au Ukéréoué, kutegemea chapa, ni Ukerewe. Na ule mwamba mkubwa wasafiri wanaoupita kabla ya Kazeh, Jihoue-la-Mkoa, usome kwa sauti mara moja tu: Jiwe la Mkoa.